Mnunuzi Mwenye Masikio

Katika nyumba ile palikuwa na sheria nyingi, lakini mbili ndizo zilizokuwa na meno. Ya kwanza: mtu asiguse mashine ya Baba. Ya pili: mtu asiulizwe amesikia nini akakosa jibu. Mengine, kama kufeli hesabu au kurudi giza limeshaingia, yalisameheka baada ya mashauri. Lakini ukikutwa umeacha alama ya kidole juu ya kifuniko cha ile mashine, ilikubidi uanze kutafuta ukoo mwingine wa kukupokea.

Mashine yenyewe ilikuwa ya kuchezea santuri, na usidhani ni vile visanduku vya plastiki wanavyonunua watu siku hizi ili wapigie picha. Hii ilikuwa na sahani ya chuma nzito kama kosa la jinai, ikizungushwa na mkanda mwembamba wa mpira uliotoka kwenye mota iliyowekwa mbali kidogo, kwa heshima, isije ikaitetemesha. Ilikuwa na mkono mrefu mweupe uliopimwa uzito kama dhahabu kwa sonara. Amplifaya yake ilikuwa ya taa za kioo, na zikiwaka zilikuwa rangi ya kaa la moto. Spika mbili ndefu zilisimama kwenye pembe za sebule kama askari wanaolinda kaburi la rais. Baba aliinunua enzi akiwa fundi mitambo kwenye kituo cha redio, kutoka kwa mtaalamu wa kigeni aliyekuwa akifunga virago. Mama alikuwa na usemi wake: kwamba yeye aliolewa mke wa pili, maana wa kwanza alimkuta tayari sebuleni, anazunguka.

Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, vyombo vikishaoshwa, familia nzima iliingia sebuleni kwa adabu ya watu wanaokwenda kuzika. Baba aliitoa santuri kwenye jalada kwa kuishika kingo tu, akaifuta kwa brashi laini, akaiweka, kisha akaushusha mkono wa mashine taratibu, kama mama anayemlaza mtoto aliyekesha akilia. Upande mmoja ulichezwa mwanzo hadi mwisho. Hapakuwa na kukohoa. Mwenye kikohozi alikohoa kabla au alikufa nacho. Upande ukiisha, Baba alinyanyua mkono wa mashine, akawageukia, akaanza na mkubwa wao.

"Wewe umesikia nini?"

Kila mmoja alitakiwa ataje kitu kimoja. Usiseme "nimesikia wimbo mzuri". Hilo lilikuwa jibu la mtu asiyejali. Ulipaswa kusema umesikia mwimbaji akivuta pumzi kabla ya ubeti wa pili, au mpiga tarumbeta wa nyuma aliyechelewa kuingia akaomba Mungu watu wasigundue. Ukijibu vizuri Baba alitabasamu wiki nzima. Ukijibu vibaya alikutazama tu, na macho hayo yalikuwa mazito kuliko kiboko.

Mwisho wa zamu alikuwa Kitinda, binti wa mwisho kuzaliwa, ambaye sasa alikuwa na miaka kumi na saba na alisoma shule ya bweni. Huko alikuwa amepata elimu pana. Kwa mfano, alikuwa amejifunza kwamba mbuzi wa shule akifungwa tai ya mwalimu wa nidhamu na kupelekwa gwaride, mbuzi hataadhibiwa, ila mwanafunzi ataadhibiwa. Ulimi wake ulikuwa na makali, na macho yake hayakujua kuinama. Lakini mbele ya ile mashine hata yeye alikaa mikono juu ya magoti.

Tena alikuwa na sababu. Siku moja, bado mdogo, miguu yake haijafika chini akiwa kitini, zamu yake ilifika akajibu kwa unyofu wa kitoto, "Nimesikia mchanga." Kabla Baba hajauliza mchanga gani, Mama alimfinya paja finyo la kukumbukwa, akasema kwa sauti ya juu, "Amesikia manyanga huyu." Baba alifurahi sana. Kweli manyanga yalikuwemo.

Basi Kitinda akafunguka macho kupitia paja. Masikio ya mtu yakizeeka hayaondoki yote kwa mkupuo. Zinatangulia sauti nyembamba, halafu nene zinafuata kwa wakati wao. Kwa Baba zilizotangulia ni filimbi ya birika, kengele ya getini, na ule mkwaruzo unaotoa habari kwamba sindano ya mashine imekwisha. Alipokuwa kazini Baba alijigamba kwamba fundi anayengoja kuiona sindano kwa macho ameshachelewa. Sindano huhukumiwa kwa sikio. Sikio likaacha kutoa hukumu, na sindano ikaachwa. Ikalika, ikachongoka vibaya, ikapita juu ya santuri moja baada ya nyingine kama jembe juu ya makaburi, Jumapili hadi Jumapili, na katikati ya wiki pia, maana alikuwa amestaafu. Waliokaa sebuleni walisikia wimbo unakaangwa. Kisha wakaulizwa wamesikia nini, nao wakajibu kwa kumbukumbu za zamani, kutoka siku santuri zilipokuwa hai. Pumzi ya mwimbaji. Tarumbeta iliyochelewa. Baba akatabasamu. Nani angeanza kumwambia, na angeanzia wapi?

Mambo yangeendelea hivyo hadi mwisho wa dunia, kama Mama asingeteleza bafuni.

Alivunjika paja, juu kabisa, pale mfupa unapoungana na nyonga. Hospitali walimlaza, wakamfunga uzito mguuni, wakasema mfupa unahitaji kuwekewa chuma ndani, na chuma ni cha familia kununua. Daktari alieleza kwa upole kwamba mfupa hausubiri kikao cha ukoo. Ukichelewa unaanza kujiunga wenyewe unavyojua, na unavyojua ni kombo. Kaka na dada waliokuwa na maisha yao mbali walituma walichoweza, na walichoweza kilikuwa kama chumvi iliyotupwa mtoni. Baba hakuombwa na mtu. Alirudi kutoka wodini, akakaa mbele ya mashine bila kuiwasha, kisha akamwita Kitinda, aliyekuwa nyumbani kwa likizo.

"Piga picha," alisema. "Weka kwenye hiyo simu yako. Bei iwe ya chuma, na kidogo juu yake cha madawa. Lakini nitamuuzia mtu mwenye masikio."

Kitinda alipiga picha, akatangaza, na wanunuzi wakaanza kuja. Hapo ndipo msiba ulipoongezewa vichekesho, au vichekesho vikaongezewa msiba; hata leo haijulikani.

Wa kwanza alikuwa meneja wa hoteli, mwenye viatu vilivyolia. Baba alimkalisha, akamchezea upande mmoja, akamuuliza kama alivyowauliza wanawe, "Umesikia nini?"

"Kusema kweli, mzee, nimesikia kama kuna mtu anakaanga."

"Jiko la hoteli limemwingia kichwani," Baba alimwambia Kitinda meneja akiwa bado anafunga kamba za viatu. "Mashine hii ikienda kwake ataiwekea vikombe."

Wa pili alikuwa kijana anayerekodi wanamuziki, mwenye masikio yenye hereni lakini mazima. Huyu alisikiliza dakika moja tu akainuka. "Mzee wangu, sindano yako imekufa zamani. Na imeondoka na santuri."

Nusu ya maneno hayo Baba hakuyapata. Iliyomfikia ilimtosha. "Wanasikiliza kwenye simu," alisema kwa huzuni, akimfungulia mlango. "Masikio yameota kutu kabla ya meno ya utu uzima."

Siku hiyo Kitinda alimfuata Shangazi jikoni. Shangazi, dada yake Baba, alikuwa amekuja kuishika nyumba tangu Mama alazwe, na alikuwa akimenya viazi kama anaviadhibu.

"Shangazi, mwambie wewe. Ni kaka yako."

"Nimwambie nini?"

"Kwamba hasikii. Kwamba wanunuzi wanasema kweli."

Shangazi aliweka kisu chini. "Mimi? Nimwambie kaka yangu kwamba amekuwa kiziwi, na santuri zake ameziua kwa mkono wake mwenyewe? Afadhali nimwambie sisi si wa baba mmoja. Hilo atalipuuza."

"Mama anaoza pale."

"Haozi, amelala. Chunga mdomo." Alichukua kiazi kingine. "Mwanangu, uziwi wa mzee hauambiwi. Unazungukwa, kama shimo la barabarani."

Kitinda alilifikiria shimo hilo, akaona kwamba kweli linaweza kuzungukwa, tena kwa njia aliyoijua tangu bwenini: kama mtihani haubadiliki, mpe mtahiniwa majibu.

Mnunuzi wa tatu Kitinda alimpokea getini. Alikuwa daktari wa meno, mtu wa makamo, mnene kwa heshima, na gari lake lilikuwa safi kiasi cha kumtia mtu aibu kuligusa.

"Wewe ndiye muuzaji?"

"Mimi ni katibu wake. Shikamoo."

"Marahaba. Mashine nzima?"

"Nzima kuliko mwenyewe. Ila kuna mtihani, daktari. Waliotangulia wamefeli wote."

Daktari alicheka. "Mitihani nimefanya mingi, binti."

"Ile ulifaulu kwa kusema kweli. Huu ukisema kweli umefeli." Akamweleza, harakaharaka, huku akiangalia dirisha la sebule. Sindano imekufa, atanunua nyingine. Santuri zimekufa, asiziulize. Mota, mkono, amplifaya, spika, vyote vizima. Mzee hasikii sauti za juu na hajui. "Atakuuliza umesikia nini. Sema umesikia mwimbaji akivuta pumzi kabla ya ubeti wa pili. Sema kidole kimeteleza kwenye gitaa la besi. Halafu malizia na tarumbeta ya pili, imechelewa kuingia."

"Pumzi, kidole, tarumbeta," daktari alirudia, akihesabu kwa vidole. "Na wewe unapata nini?"

"Ukifaulu, unalipa bei ya tangazo. Hupunguzi. Ile ni bei ya mguu wa mama yangu."

Daktari wa meno aliweka mkono kifuani. "Sijawahi kumpunguzia mgonjwa, na sitapunguza hela inayokwenda kwa mgonjwa."

Walipeana mikono. Kitinda alihisi kitu ambacho hakukihisi tangu siku ya mbuzi: ile raha ya kazi iliyopangwa vizuri.

Ndani, Baba alikuwa amevaa shati la kuvaa kwenye harusi za watu. Aliwasha amplifaya, akangoja taa zipate joto, akafuta santuri, akashusha mkono. Spika zikatoa ule mchanga, na ndani ya mchanga, kwa mbali, kama mtu aliyefukiwa akiwa hai, mwanamume alikuwa anaimba. Daktari wa meno alikunja uso kama mtu aliyeguswa jino bovu, halafu akakumbuka yuko kwenye mtihani akaukunjua. Shangazi alisimama mlangoni na mwiko. Kitinda alitazama sakafu. Baba pekee, macho yamefungwa, alikuwa akisikiliza muziki.

Upande ukaisha.

"Daktari, umesikia nini?"

"Nimesikia pumzi, mzee. Kabla ya ubeti wa pili."

Nyusi za Baba zilipanda. "Enhe."

"Na kidole kwenye besi. Kimeteleza. Halafu tarumbeta ya pili, yule bwana kachelewa kidogo."

Baba alikuwa ameanza kutabasamu, na mambo yangeishia hapo vizuri, watu wakalipana, wakaagana. Lakini mtahiniwa akishapewa majibu huona mtihani mtamu, akataka kuongeza yake.

"Na kingine, mzee," daktari alisema, akiinama mbele na kupaza sauti. "Nimesikia kwamba huyu aliyeimba alikuwa amefiwa. Hasemi, lakini amefiwa."

Baba alikaa. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, na hakuivaa tena.

"Hawa," alisema, akimwonyesha Kitinda bila kumtazama, "nimewalea mbele ya hii mashine. Wote. Hakuna hata mmoja aliyewahi kusikia hilo. Ni mimi peke yangu." Akaigeukia mashine. "Nilikuwa nadhani nitakufa nalo."

Daktari wa meno alitoa bahasha nene mfukoni. Baba aliisukuma kwa vidole viwili.

"Bei ile ilikuwa ya watu wasiosikia. Wewe nipe robo yake, kuniondolea aibu tu. Kitu kama hiki hakiuzwi kwa mtu kama wewe. Kinakabidhiwa."

"Kaka," Shangazi alisema mlangoni, "na mguu?" Hakusikika. Akasogea, akasema tena.

"Mguu utalipwa na santuri," Baba alijibu, akinyoosha mkono kwenye ukuta mzima wa rafu, kutoka sakafuni hadi darini. "Zile pale. Nimezitunza kama mboni ya jicho. Mle ndani kuna moja ambayo watu wanaitafuta dunia nzima. Kesho Kitinda atazipiga picha."

Kitinda alimtazama daktari. Daktari alikuwa amepata kitu cha kuvutia kwenye dari.

"Daktari," alisema kwa sauti ya chini, akijua Baba hataipata, "tulikubaliana."

"Tulikubaliana nisipunguze," daktari alijibu kwa sauti ileile ya chini, akikwepa macho yake. "Sijapunguza. Mzee akishasema, mimi ni nani?" Alikuwa ameanza kutenga noti, na vidole vyake vilienda upesi.

Hapo ndipo Kitinda alipoona alichokipanga kimefika wapi. Mguu wa Mama ulikuwa umelala kwenye uzito wake wodini, unajiunga kombo kila saa, na matumaini yake yote yalikuwa yamehamia kwenye rafu ya maiti. Zingetangazwa. Watu wangekuja, wangesikia, wangeondoka, Baba angewaita viziwi, na mashine ingekuwa imeshaenda. Alimtazama Shangazi. Shangazi alitikisa kichwa kukataa, taratibu, mwiko umesimama mbele ya kifua.

"Baba," Kitinda alisema. "Santuri zimeharibika."

"Eh?"

"Santuri. Zimeharibika."

"Zimefanyaje? Sema vizuri, usimung'unye."

Kuna mambo ambayo lugha imeyatengea sauti ya chini, ya mtu aliyeinama karibu na mwenzake. Hili lilikuwa mojawapo, na halikuweza kupita huko. Kitinda alivuta pumzi, akalisema kwa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Alisema santuri zimekufa zote, hazina bei. Alisema sindano imekwisha miaka mingi iliyopita na ndiyo iliyozila. Alisema wale wawili waliofukuzwa walisema kweli, na huyu amefundishwa majibu getini, naye ndiye aliyemfundisha. Katikati ilimbidi arudie, maana Baba alikuwa ameinua mkono nyuma ya sikio. Alirudia neno "husikii" mara tatu. Nje, majirani waliokuwa wakibishana juu ya maji walinyamaza. Shangazi alifika akamziba mdomo kwa kiganja chenye unga, lakini maneno yalikuwa yameshatoka yote.

Baba aliivaa miwani. Alifungua droo ya chini ya mashine, akatoa lenzi ndogo ya kukuzia aliyokuja nayo kutoka kazini, akaifungua kutoka kwenye kitambaa. Akaugeuza mkono wa mashine kuelekea dirishani, akaweka jicho.

Alitazama muda mrefu.

"Hii imelika pande zote mbili," alisema mwishowe. "Imekuwa patasi." Sauti ilikuwa ya kazini, ya fundi mkuu anayewakagua vijana wa zamu, na kwa sauti hiyohiyo akauliza, "Nani alikuwa anaitumia hii?"

Daktari wa meno alifunga mdomo wa bahasha.

Baba akaendelea kutazama, halafu ikaonekana kwenye mgongo wake kwamba amejijibu. Alikwenda kwenye rafu. Alitoa santuri, akaiinamisha kwenye mwanga, akapitisha jicho kwenye mifereji yake iliyokuwa na ukungu wa kijivu badala ya weusi wa kung'aa. Akairudisha mahali pake. Akatoa nyingine. Akatoa ile inayotafutwa dunia nzima, hiyo akaitazama zaidi kuliko zote. Aliyofuata alianza kuivuta, akaisukuma tena ndani.

"Mama yenu anajua?"

Katika hili Kitinda angeweza kudanganya. Ulimi ulikuwa tayari. Akaitikia kwa kichwa: ndiyo.

"Na ndugu zako."

Ndiyo.

"Na mlikuwa mnakaa hapo," alisema Baba, akiangalia viti, "mnanijibu." Shangazi alianza kulia bila sauti, jambo ambalo mbele ya Baba halikuwa na haja ya kuwa bila sauti.

Kisha akamgeukia mnunuzi. "Bei ni ile ya kwanza. Toa hela ya sindano, sina haki ya kuiuza. Mota sijaiharibu. Mkono sijauharibu. Hivyo navijua kwa macho."

Daktari wa meno alilipa yote, hata ya sindano, na hakungoja kuhesabiwa. Tumwandikie hilo. Lakini hakupata njia ya kuondoka haraka kama alivyotaka, maana Baba hakukubali mtu mwingine aifungue mashine. Alitoa mkanda wa mpira akauweka kwenye bahasha. Akaufunga mkono mweupe kwa uzi ili usicheze njiani. Akainua ile sahani ya chuma kwa mikono yote miwili, akaizungushia blanketi. Taa za amplifaya alizingoja zipoe, akazichomoa moja moja, akazifunga kwa soksi zake mwenyewe. Kila hatua alimwonyesha daktari, na daktari aliitikia kwa kichwa kama mwanafunzi. Hata alipomaliza, alitembea nyuma ya wabebaji hadi kwenye gari, akasema, "Isilale kifudifudi."

Sebule ilibaki na alama nne za vumbi sakafuni. Kitinda alikuwa amesimama karibu nazo Baba aliporudi.

"Kuanzia leo," Baba alimwambia, "ukiongea na mimi, usipaze sauti. Umenipazia mara moja, imetosha. Sema kama unavyosema na watu wengine."

"Lakini Baba, huta..."

Alikuwa ameshapita, anakwenda bafuni kuweka mkeka mbele ya sinki.

Mama alipasuliwa wiki hiyohiyo. Chuma kiliingia, daktari wa hospitali akaridhika kwa namna ya madaktari. Akasema mfupa umeshikwa, ila ulikuwa umeshaanza mambo yake, na mguu mmoja utabaki mfupi. Atatembea. Fimbo atakuwa nayo.

Kitinda na Baba walikwenda kumwona alipoweza kukaa. Wodi ilikuwa na vitanda vingi na harufu ya dawa ya sakafu, na kila mgonjwa alikuwa na jamaa zake wakibanana kwenye ubavu mmoja wa kitanda. Baba alikaa upande wa miguu. Aliushika ule mzima juu ya shuka. Mama alimtazama, akatazama viatu vyake ambavyo havikupigwa rangi, akatazama mikono yake. Walikuwa wamekaa pamoja muda mrefu, hakuhitaji kuambiwa. Alimgeukia Kitinda.

"Nani alimwambia?" Aliuliza kwa sauti ya kawaida, na Baba, hatua moja kutoka hapo, aliendelea kuangalia mguu.

"Mimi."

"Ulimwambia vipi?"

"Kwa sauti, Mama. Asingesikia vinginevyo. Nilikuwa nimepanga vizuri tu, ila yule mnunuzi akaongeza maneno, Baba akataka kumpa bure, na..."

"Majirani walisikia?"

Macho ya Kitinda yaliinama.

Mama alifumba macho. "Nimembeba yule mtu," alisema, "Jumapili ngapi? Nimekaa pale nikisifia takataka mpaka nikaanza kuzipenda. Nilikufinya wewe. Nimewafinya wote. Wewe ukamwangusha mchana mmoja."

"Mguu wako ungekatwa, Mama."

"Usingekatwa. Ungejiunga kombo. Kwani sasa si kombo?" Alifumbua macho. "Mguu ulikuwa wangu. Hukuniuliza."

Kitinda alikuwa na majibu mengi. Alikuwa nayo hata kwa mkuu wa shule, hata kwa bodi. Aliyatafuta, akayakuta yote ni ya kuchekesha. Mama aliunyoosha mkono juu ya shuka, si kwake, akamgonga Baba gotini. Baba aliinua uso. Mama akamtabasamia tabasamu pana kabisa, la Jumapili, na Baba akalitazama kwa makini, kama mtu anayekagua noti, asiweze kuamua kama ni halali.

Saa ya kutazama wagonjwa ilipoisha walitoka pamoja. Nje ya lango la hospitali watu waligombania basi, wenye matunda wakapiga kelele za bei, pikipiki zikapita katikati. Kitinda alimshika Baba kiwiko. Alikuwa na jambo moja la kusema, na alikuwa amekatazwa njia moja ya kulifikisha.

"Baba, nisamehe," alisema, kwa sauti ya kusema na watu wengine.

Baba alimtazama midomo, akaitikia kwa kichwa kwa heshima, kama anavyofanya mtu aliyeambiwa jambo la busara.

"Ndiyo," alisema. "Twende tu kwa miguu. Si mbali."

Ilikuwa mbali. Walitembea.